Samaki wako ni wa ziwa gani? Tujue umbo kabla ya rangi

Wacha nianze na aibu yangu, ndio baadaye nikikukosoa usiseme najifanya mjuaji.

Mwaka mmoja hivi baada ya kuacha chuo (karo ilikataa, hadithi ni ile ile mnayoijua), nilipata kazi ya kuchorea nembo chama cha akina mama wanaouza samaki huku Dunga. Malipo elfu mbili, nusu mwanzoni, nusu kazi ikiisha. Nikafungua programu kwenye simu, nikaandika "samaki", nikaletewa mamia. Nikachagua mmoja mtamu kweli: mwembamba, mgongo umenyooka, mkia umegawanyika katikati kama mkasi. Nikampaka buluu inayofifia hadi kijani, nikamwekea kivuli, jua nyuma yake, mawimbi matatu chini. Jina la chama nikaliandika kwa herufi za kujikunja. Manze nilijiona mtu.

Mwenyekiti aliiangalia ile simu, akampa mwenzake. Mwenzake akatoa miwani kwenye kibeti, akavaa, akaangalia tena. Kimya. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Nyathina, huyu ni samaki wa wapi?"

"Ni samaki tu, mama."

"Samaki tu hakuna. Ngege si hivi. Mbuta si hivi. Mkia ni kama wa omena, lakini omena gani mnene namna hii?"

Wakacheka mpaka mmoja akalazimika kukalia ndoo. Mwingine akasema labda ni yule wa kwenye mkebe, na alikuwa amegonga ndipo. Baadaye nilipochunguza nikakuta nimewachorea samoni, samaki wa bahari za baridi huko Ulaya na Marekani, ambaye hajawahi kutia pezi Ziwa Victoria. Nilirudi Nyalenda na ile elfu moja ya kwanza, na ya pili nikaisahau.

Nakueleza haya kwa sababu kile kicheko kilinifundisha kitu ambacho mihula minne darasani haikunifundisha. Wale akina mama hawakusema neno moja kuhusu rangi. Hawakuona kivuli wala mawimbi niliyokesha nikiyapanga. Waliona umbo, na umbo lilikuwa la uongo.

Darasani tuliambiwa umbo ni eneo lililozingirwa na mstari. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama zote, nikaendelea na maisha. Si uongo, mstari ukizunguka na kurudi ulikoanzia, umefunga eneo na hilo eneo ni umbo. Linaweza pia kuwepo bila mstari wowote: doa la mafuta kwenye karatasi ya mandazi ni umbo, na hakuna mtu aliyelichora. Umbo ni bapa, lina urefu na upana basi. Kivuli cha ngege ukutani ni umbo. Ngege mwenyewe mkononi, mwenye unene na uzito na utelezi, ni jambo jingine, huyo ana ujazo. Halafu kuna maumbo ya hesabu, mraba na duara na wenzake, na maumbo ya asili yasiyotii rula, kama jani au ziwa lenyewe kwenye ramani. Hiyo ndiyo nadharia yote, na nimekumalizia bila karo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Simama hapo Kondele jioni, saa ile jua linapiga machoni na vumbi limejaa. Huwezi kusoma chochote. Lakini unajua ile ni tuktuk na ile ni pikipiki, na ile nyingine ni matatu imejaa mpaka kondakta ananing'inia mlangoni. Umejuaje? Jicho linachukua muhtasari wa nje kwanza, hayo mengine yanafuata. Ndiyo maana alama ya barabarani ya kusimama ina pembe nane na ile ya kupisha ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini: hata ikichafuka matope, hata ukiiona kwa nyuma, umbo lake limeshakwambia. Na fundi wa majeneza aliyepanga kazi zake kando ya barabara hahitaji bango. Ukiona tu, unatoa kofia.

Samaki nao ni hivyo hivyo. Ngege ni mpana, mwili kama yai lililobanwa, pezi la mgongoni refu lenye miiba kutoka karibu na kichwa hadi karibu na mkia, na mkia wenyewe kama feni. Mbuta, mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ana kichwa kilichobonyea na mgongo unaopanda ghafla kama kilima, na mkia wa mviringo. Kamongo hata usiseme, huyo ni nyoka aliyebadilisha mawazo. Mtoto wa Dunga wa miaka mitano anawatofautisha akiwa upande wa pili wa barabara. Mimi niliyesomea usanifu nilishindwa.

Kama unadhani nakuza mambo, fikiria kura. Siingizi siasa hapa, tulia. Mwaka wa 2005 nilikuwa kitoto cha darasa la kwanza, na Kenya ilipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba, tarehe 21 Novemba. Tume ya uchaguzi ilitoa alama mbili: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa La. Sababu ilikuwa rahisi tu, kwamba nyanya yako asiyejua kusoma apige kura yake mwenyewe bila kunong'onezwa. La ikashinda, na kutoka kwenye lile tunda likazaliwa vuguvugu, kisha chama, na jina likabaki. Leo Kisumu nzima, chungwa si tunda tu. Ukilichora kwenye mkokoteni umeshatoa hotuba.

Lakini liangalie kama mchoraji sasa. Ndizi na chungwa ni maumbo mawili ambayo huwezi kuyachanganya hata ukiyachora kwa makaa ukutani. Moja limepinda na lina ncha mbili, jingine ni duara. Kwa maoni yangu, aliyechagua yale matunda, kwa kujua au kwa bahati, alifanya kazi nzuri ya usanifu kuliko nyingi nilizoona nchini. Hebu waza kama yangekuwa chungwa na limau. Au ndizi na muhogo! Tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Na kuna siri nyingine ndani ya chungwa. Duara tupu halina jina. Ni mpira, jua, sufuria ukiitazama kutoka juu, gurudumu. Ongeza kijiti kifupi juu na jani moja pembeni, na papo hapo ni tunda. Jani lile ni sehemu ndogo sana ya mchoro wote lakini ndilo linalobeba maana. Kujua umbo ni kujua sehemu gani huwezi kuitoa. Samoni wangu alikuwa na kila kitu isipokuwa ile sehemu. Wanasiasa wetu wanalijua hili vizuri kuliko wasanii, ndiyo maana tangu zamani tuna jogoo wa KANU, simba wa Ford-Kenya, na mwaka wa 2022 wilbaro. Hakuna chama kitakachokuja na alama ya ukungu.

Baada ya ile aibu nilianza kushinda ufukweni, kwanza kwa kujificha, baadaye kwa kupenda. Kuna mzee anayepaka rangi mashua. Mashua zetu za mbao, zile ndefu zenye mkuku chini na ncha mbele, tunaziita sese kwa sababu asili yake ni visiwa vya Ssese kule Uganda. Zinapakwa ubavuni safu za pembetatu na almasi, jina la mashua mbele, na rangi ambazo hata kipofu angezihisi. Nilimsalimia, "Jaduong', naweza kukaa?" Akanisogezea mkebe wa rangi uliopinduliwa. Hakuniuliza nimetoka wapi.

Siku ya tatu nikamuuliza anajuaje pembetatu zake zitatoshea mpaka mwisho bila moja kukatika. Alinionyesha kipande cha katoni alichokikata, kiolezo chake, na uzi wenye chokaa. Kisha akanipa somo ambalo sikulipata kwenye kitabu chochote. "Wewe unaangalia nyekundu," akasema. "Angalia nyeupe."

Nikaangalia. Yeye alikuwa amepaka pembetatu nyekundu zimesimama, moja baada ya nyingine. Lakini ile nyeupe iliyobaki katikati yake nayo ilikuwa pembetatu, imepinduliwa kichwa chini. Alikuwa amepaka safu moja akapata mbili. Akaniambia nifumbe jicho nusu, na kweli, ukifumba nusu unaona nyeupe zikija mbele na nyekundu zikirudi nyuma, halafu zinabadilishana. Nafasi tupu si tupu. Nayo ina umbo, na usipolipanga wewe litajipanga lenyewe vibaya.

Hili ndilo tatizo la mabango yetu, tukubali. Unapewa tangazo la harambee au la saluni na unajaza kila kona: picha ya mgeni wa heshima, ya mke wake, ya mchungaji, namba nne za simu, maua, nyota, na mwali wa jua kutoka nyuma ya kichwa cha mtu ambaye si mtakatifu. Hakuna nyeupe iliyobaki ya kupumua. Kila kitu kinapiga kelele na mpita njia haoni kitu. Nimefanya mabango ya hivyo mwenyewe, usidhani nakusema wewe peke yako.

Wengine mtasema umbo ni mambo ya wasomi wenye muda. Hapana. Nenda pale Makavazi ya Kisumu ukaone lile boma la Waluo walilolijenga upya. Nyumba ni za duara. Nje ya mji, na hata Manyatta kwetu, nyumba karibu zote sasa zina pembe nne. Watu hawakuamka siku moja wakachukia duara. Nyasi zinakubali kupinda, unaziezeka kuzunguka paa bila taabu. Mabati yanatoka kiwandani yakiwa mstatili, na ukitaka kuyaezeka kwenye paa la mviringo utakata, utatupa, na utalia na hela zako. Kifaa kilibadilisha umbo la nyumba, na umbo la nyumba likabadilisha jinsi tunavyopanga viti, vitanda, hata picha ukutani. Mwenzangu aliyepanga chumba cha futi kumi kwa kumi anajua hili mgongoni mwake.

Ukiwa na nauli, fika hata Thimlich Ohinga kule Migori, ngome ya mawe ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zinapanda hadi zaidi ya mita nne mahali pengine, na hakuna tope wala saruji inayoshikilia. Mawe hayakuchongwa yafanane. Kila jiwe lina umbo lake la ajabu, na mjenzi alichofanya ni kutafuta pengo linalolikubali. Kwa maneno ya yule mzee wa Dunga, aliangalia nyeupe. Zaidi ya miaka mia nne zimesimama. Bango langu la mwisho lilidumu wiki mbili, na mvua hata haikunyesha.

Au tuseme hutaki historia, unataka biashara. Sawa. Mwaka wa 1915 kampuni ya Coca-Cola iliwataka watengenezaji chupa waibuni chupa ambayo mtu ataitambua kwa kuipapasa gizani, au hata ikiwa vipande vipande chini. Kiwanda kimoja cha vioo huko Indiana, Marekani, kikaleta ile yenye kiuno. Sasa fikiria kioski chenu stima zikipotea. Mwenye duka anaingiza mkono kwenye kreti na anakutolea ile uliyoitaka bila tochi. Hiyo si rangi nyekundu inayofanya kazi. Gizani hakuna nyekundu.

Ndiyo nasema, na nitasema bila kupepesa: sisi vijana tunaojiita wasanifu huku mtaani tunauza rangi kwa sababu hatujui umbo. Tunachukua violezo vilivyotengenezwa na mtu asiyeijua Kisumu, tunabadilisha jina na namba ya simu, tunaita hiyo kazi yetu. Ndiyo maana nembo ya kinyozi wa Obunga inafanana na ya kinyozi wa Texas. Ndiyo maana kila hoteli ya samaki ina yule samoni wangu. Na ukweli mchungu ni kwamba kubadilisha jina kwenye kiolezo ni kazi ambayo akili unde inaifanya kwa sekunde, bila kuomba nauli. Nimeijaribu mwenyewe. Niliiomba inichoree ngege, ikaniletea kitu kati ya samaki na kiatu. Hapo ndipo penye riziki yetu bado, katika kile tunachokijua kwa macho yetu na mashine haijakiona vya kutosha. Sijui mlango huo utabaki wazi kwa muda gani, kwa hivyo usilale.

Najua utaniambia nini. Mteja analipa mia tano na anataka vyote hivyo kumi na viwili ndani ya bango, ukimkatalia anaenda duka la pili. Kweli. Mimi pia kodi inanidai. Lakini jaribu hivi: mpelekee mawili, lile alilotaka na lako. Yaweke ukutani, vuka barabara pamoja naye, kisha muulize anasoma nini. Mara nyingi, si kila mara, anachukua lako. Asipochukua, mpe lake, chukua mia tano yako, kesho ni siku nyingine. Sijasema tufe njaa kwa ajili ya pembetatu.

Na kabla hujaweka rangi hata moja, jaza mchoro wote weusi. Weusi kabisa, kama kivuli. Kama bado unajua ni nini, endelea. Kama umebaki na doa, rudi nyuma. Ukishindwa na simu, chukua mkasi. Msanii Mfaransa Henri Matisse, baada ya ugonjwa na upasuaji mwaka wa 1941 kumwacha bila nguvu za kusimama kwa muda mrefu, alianza kukata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi, na baadhi ya kazi zake zinazopendwa zaidi duniani zilitoka hapo, akiwa mzee wa kiti cha magurudumu. Mkasi haukubali uongo. Hauna kivuli, hauna mwangaza wa nyuma. Unakata tu ukingo, na ukingo ukikosea unaonekana.

Mimi nilianza na magunia ya unga. Nilienda Dunga asubuhi, nikanunua ngege mmoja wa saizi ya kati, nikamlaza juu ya karatasi ya gunia la unga lililopasuliwa na kumzungushia penseli. Nilikata umbo lile. Halikufanana na ngege hata kidogo, kwa sababu mapezi yalikuwa yamelala. Nikamnyoosha pezi la mgongo kwa kijiti cha meno, nikachora tena. Likaja. Nikaanza kupunguza: nikatoa magamba, jicho, mdomo. Bado alikuwa ngege. Nikajaribu kutoa lile pezi lenye miiba na akafa papo hapo, akawa jani la mwembe. Nikalirudisha. Nikajua jani la chungwa langu liko wapi. (Ngege mwenyewe jioni tulimla na ugali, sayansi haipotezi chakula.)

Niliwarudia wale akina mama na kipande cha karatasi ya gunia, chenye harufu ya samaki, bila rangi. Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Yule mama wa miwani alikichukua, mara hii hakutafuta miwani. Alikiinua mbali na uso wake, kwa urefu wa mkono, akamwonyesha mjukuu wake aliyekuwa akicheza na makopo karibu na mizani.

"Huyu ni nani?"

"Ngege," akasema mtoto, akarudi kwa makopo yake.

Wakanilipa ile elfu moja iliyobaki. Mwenyekiti akaongeza omena kwenye mfuko wa karatasi, akaniambia nihesabu mikia nikifika nyumbani.